Kuiuliza Damu: Safari Ndefu ya Kukitambua Kifua Kikuu

Mtu wa Musoma, Bunda au Butiama akikohoa kwa wiki mbili au tatu, akapungua uzito na kulowa jasho usiku, kisha akaenda kituo cha afya, kitu cha kwanza atakachopewa ni kikopo chenye kifuniko. Ataambiwa atoke nje penye hewa, mbali na wenzake, akohoe kwa nguvu na kuleta makohozi yatokayo kifuani, siyo mate. Kikopo hicho ndicho mlango wa tiba yote inayofuata.

Lakini wapo wengi ambao mlango huo haufunguki kwao. Mtoto wa miaka miwili hajui kukohoa na kutema, yeye humeza. Mtu ambaye kinga yake imeliwa na virusi vya UKIMWI mara nyingi hutoa makohozi yenye vijidudu vichache mno, au hana makohozi kabisa. Mwingine ugonjwa wake haumo mapafuni, umo kwenye tezi, kwenye uti wa mgongo au kwenye utando wa ubongo. Kwa watu wa namna hiyo swali limekuwa ni hili: badala ya kukitafuta kijidudu chenyewe, hatuwezi kuiuliza damu? Mwili unaopigana na adui bila shaka unaacha alama za vita. Je, alama hizo hazisomeki?

Mazungumzo yangu ya juma hili ni historia ya swali hilo. Lina umri wa zaidi ya miaka 130, na mmoja wa watu walioliibua aliwahi kusafiri katika ziwa letu hili.

Tarehe 24 Machi 1882, daktari wa Kijerumani Robert Koch aliwatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kabla ya hapo matabibu wengi wa Ulaya waliuhesabu kuwa ni ugonjwa wa kurithi. Huku kwetu wengine walisema ni kurogwa, au laana ya ukoo, na hata leo ukienda vijijini utawakuta wanaosema hivyo. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1906 Koch huyo huyo, akiwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla, alikuja Afrika Mashariki kutafiti ugonjwa wa malale. Alipitia Mwanza, akavuka ziwa hadi visiwa vya Sese upande wa Uganda, akaweka kambi huko na kuwadunga wagonjwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl. Baadhi yao walipofuka. Wajerumani nao wakafungua kambi za wagonjwa wa malale kandokando ya ziwa, mojawapo ikiwa Shirati, upande wetu huu wa Mara. Nayataja haya kwa sababu Koch, pamoja na akili yake kubwa, alikuwa na udhaifu wa kuiamini dawa kabla haijathibitika. Na kwa kifua kikuu alikuwa ameshafanya hivyo miaka 16 kabla.

Agosti 1890, katika mkutano mkuu wa madaktari wa dunia uliofanyika Berlin, alitangaza kwamba amepata kitu cha kukizuia kijidudu kile. Namna kilivyotengenezwa akaifanya siri. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Daktari mmoja kijana wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye wengi wetu tunamjua kwa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alisafiri kwenda kujionea, akaandika kuwaonya watu wasishangilie mapema. Alikuwa na haki. Dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilikuwa ni mchuzi uliotokana na vijidudu vyenyewe ndani ya gliserini. Haikuponya. Wengine waliodungwa walikufa, na walipopasuliwa ikaonekana ugonjwa umezidi kusambaa.

Hata hivyo jambo moja lilibaki. Mtu mwenye kifua kikuu akidungwa tuberkulini alipandwa na homa kali, na asiye nacho hakushtuka kwa kiasi hicho. Mwili ulikuwa unamkumbuka adui yake. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Vienna alianza kuikwaruza ngozi na kutia tone la tuberkulini. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaidunga ndani ya ngozi ya mkono kwa sindano nyembamba. Baada ya siku mbili au tatu mkono ukivimba na kuwa mgumu, jibu ni kwamba mwili umewahi kukutana na kijidudu.

Msikilizaji, yashike maneno hayo, "umewahi kukutana". Shida yote imo humo. Inakadiriwa kwamba kiasi cha robo ya watu wa dunia wamewahi kukutana na kijidudu hiki, na walio wengi hawataugua maisha yao yote. Kijidudu hulazwa usingizi kifuani na kinga ya mwili, na kwa kawaida ni watu 5 hadi 10 tu kati ya 100 wanaokuja kuugua. Ni kama kumwuliza mwenye nyumba kama amewahi kuingiliwa na mwizi. Atakujibu ndiyo, lakini hujaambiwa kama mwizi yumo ndani sasa hivi.

Kwa nchi nzima, hata hivyo, jibu hilo lina kazi kubwa, na Tanzania ni shahidi. Hapa naomba nikae kidogo, maana vijana wengi hawaijui sehemu hii ya historia yao.

Katika enzi ya ukoloni, mgonjwa wa kifua aliyebahatika alipelekwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa hao mwaka 1926. Tiba ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo zilipokuja dawa zenye nguvu, lakini matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliyakimbia njiani. Mwaka 1973 serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi ni mtu wa redio, kwa hiyo niruhusiwe kujivuna kidogo: watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyozungumzwa.

Mwaka 1977 ukaanza Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyehamia Uholanzi. Huyu kifua kikuu alikijua kwa mwili wake mwenyewe, maana aliugua akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Pamoja na wataalamu wa Kitanzania walijenga mfumo ambao ukiuangalia unaona ni mwepesi mno: darubini katika kila wilaya, dawa zisizokatika, mhudumu anayemwona mgonjwa akimeza vidonge, na daftari lisilomsahau mtu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo na kuusambaza ulimwenguni kwa jina la DOTS. Wako wanaodhani DOTS ililetwa kwetu kutoka Geneva. Kwa sehemu kubwa ilitoka kwetu kwenda Geneva.

Na tuberkulini ikapewa kazi yake. Kati ya mwaka 1983 na 2003, kwa awamu nne, wahudumu walizunguka shule za msingi nchini wakiwadunga wanafunzi wa miaka 6 hadi 14, wakarudi siku ya tatu na rula kupima uvimbe kwa milimita. Hawakuwa wakimtafuta mtoto mgonjwa. Walitaka kujua kijidudu kinaenea kwa kasi gani, kwa sababu mtoto aliyekutana nacho hakukutana nacho zamani. Umri wake wenyewe ni mdogo. Walikuta kwamba kila mwaka kiasi cha mtoto 1 kati ya 100 aliambukizwa, na kiwango hicho kilikuwa kikishuka polepole awamu kwa awamu. Kilishuka wakati ambapo wagonjwa wenyewe walikuwa wakiongezeka kwa kutisha, kutoka kama 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 miaka 20 baadaye. Kilichowaongeza wagonjwa ni UKIMWI, ulioonekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1983 huko Kagera, ng'ambo ya ziwa letu. Ulikuwa ukiwaamsha wale mwizi waliolala. Bila uvimbe ule wa mkononi, nani angeweza kulitenganisha hili na lile?

Lakini UKIMWI huo huo uliifanya tuberkulini kuwa bubu kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mtu ambaye askari wa damu yake wamekufa hadungiki akavimba, hata kama kifua kikuu kinamla. Na kwa upande mwingine, watoto wetu karibu wote wana kovu la chanjo ya BCG begani, na chanjo hiyo nayo huweza kuufanya mkono uvimbe. Mgonjwa mahututi anaonekana mzima, na mtoto mzima anashukiwa. Daktari wa wilaya afanye nini na kipimo cha namna hiyo?

Hatua iliyofuata itawafurahisha wafugaji wa Mara, maana ilianzia kwa ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Australia walikuwa wakihangaika na kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho mtu huweza kukipata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Badala ya kumdunga ng'ombe na kumrudia siku ya tatu, walitoa damu yake, wakaichanganya na tuberkulini ndani ya chupa na kuiacha usiku kucha. Chembechembe nyeupe zilizowahi kupigana na kijidudu zilimtambua adui na kutoa kemikali ya kuitana vitani, iitwayo interferoni gama. Kemikali hiyo ikapimwa. Baadaye kipimo kikahamishiwa kwa binadamu, na tuberkulini ikaondolewa, zikawekwa protini za kijidudu ambazo hazimo katika BCG. Tatizo la chanjo likawa limekwisha.

Lile la mwizi halikwisha. Damu bado ilijibu "nimewahi kukutana naye". Ndiyo maana mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliziambia nchi zenye kipato kama chetu zisikitumie kipimo hicho kutambua ugonjwa uliopo kifuani.

Mwaka huo huo, mwezi Julai, shirika hilo lilifanya jambo ambalo halikuwa kawaida yake: lilikataza kabisa vipimo vya aina fulani. Vilikuwa ni vile vya haraka vinavyotafuta kingamwili za kifua kikuu katika damu, vinavyofanana na vile vya kupima mimba au virusi vya UKIMWI. Zaidi ya vipimo milioni moja vilikuwa vikifanywa duniani kila mwaka, wagonjwa wengine wakilipa hadi dola 30 kwa kimoja, na vilidanganya kwa pande zote mbili. Vingi vilitengenezwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, havikupitishwa na mamlaka yoyote inayotambulika, vikauzwa kwa watu maskini wa nchi nyingine. Mimi jambo hilo linanichoma hadi leo. Mtu anauza mbuzi wake apimwe damu, anaambiwa ni mzima, anarudi nyumbani kulala chumba kimoja na watoto.

Katika miaka hiyo hiyo upande wa kikopo ulipata nguvu mpya. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliipitisha mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kijidudu katika makohozi na kutoa jibu ndani ya saa mbili. Darubini huhitaji vijidudu karibu 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo ivione. Mashine hii hutosheka na vijidudu kama 130. Tanzania iliipokea, na imesaidia sana. Lakini nayo inataka makohozi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye benchi la zahanati moja wilayani Bunda, karibu na mama mmoja aliyepakata mtoto wa kama mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa mwepesi kama fungu la kuni kavu. Mama alikuwa na daftari la kliniki lililochakaa; ndani yake mliandikwa malaria, kisha nimonia, kisha malaria tena. Baba yake, akaniambia, alikuwa mvuvi, naye alikuwa anameza vidonge vya kifua tangu miezi miwili. Sikuona aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mhudumu mmoja, aliyekuwa peke yake siku ile, alimwambia mama alete makohozi ya mtoto. Mama akacheka kwa uchungu, akasema, "Dada yangu, huyu makohozi atayatoa wapi?"

Na Mara ina sababu zake za kulijali jambo hili. Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo wa dhahabu huvuta vumbi la mawe, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hilo ni shamba zuri la kifua kikuu. Wavuvi huhama kambi kufuata dagaa na sangara. Leo yuko Musoma, mwezi ujao yuko kisiwani, na daftari la zahanati halina miguu ya kumfuata. Nyumbani wanabaki watoto, ndio wanaovuta hewa ya chumba alimolala baba.

Sasa tufike Mbeya na Bagamoyo. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wale wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na wenzao wa Ulaya, walichapisha matokeo ya kipimo kipya cha damu kwa watoto. Waliacha kuuliza kama askari wa damu wanamjua adui. Waliuliza askari hao wako katika hali gani. Chembechembe nyeupe inayomkumbuka adui wa zamani, ikiwa imetulia, hubeba juu yake alama iitwayo CD27. Ikiwa inakutana na adui kila siku, alama hiyo hupotea, kama askari aliyeko mstari wa mbele ambaye sare yake imeraruka. Kwa kuhesabu walioraruka sare, unajua kama vita vinaendelea sasa au ni vya zamani.

Kati ya watoto 18 ambao vijidudu vyao viliota maabara, hivyo hapakuwa na ubishi kwamba ni wagonjwa, kipimo kiliwatambua 15. Kwa watoto wasio na kifua kikuu kilikuwa sahihi kwa karibu 97 kati ya 100. Jibu lilipatikana ndani ya saa 24, wakati kuotesha vijidudu huchukua wiki nyingi. Watoto 18 ni wachache, na watafiti wenyewe waliuita utafiti huo hatua ya kwanza. Lakini tangu Koch atangaze tuberkulini yake, damu ya mtoto ilikuwa sasa inajibu swali lile hasa ambalo mama yake anauliza, na majibu hayo yalisomwa katika ardhi ya Tanzania.

Kwa nini basi hakiko Bunda? Kwa sababu kinahitaji mashine inayozipanga chembechembe moja moja kwa mwanga wa leza, ndugu wa zile zinazohesabu CD4 za wenye virusi vya UKIMWI, tena ya daraja la juu zaidi, na fundi aliyesomea, na umeme usiokatika. Hivyo ni vitu vya kituo cha utafiti.

Watafiti wengine wakafuata njia nyepesi zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba wenye virusi vya UKIMWI wachujwe kwa kupima protini iitwayo CRP katika tone la damu ya kidole, jambo ambalo tafiti za Uganda zilichangia. CRP inasema tu kwamba ndani kuna moto, bila kusema unaunguza nini, lakini humsaidia mhudumu kujua nani apimwe kwanza. Kisha ikatengenezwa katriji ya kutumika katika mashine ile ile ya GeneXpert, inayopima jinsi chembe tatu za urithi zinavyofanya kazi katika damu ya mgonjwa, kwa tone la kidole, ndani ya muda usiofika saa moja. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo yake kwa watoto wa Tanzania, Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini na India. Wa Tanzania walipimwa Mbeya. Iliwatambua kiasi cha 60 kati ya kila wagonjwa 100 waliothibitishwa, na ikawaacha huru 90 kati ya kila 100 wasio wagonjwa.

Sitii chumvi. Wagonjwa 40 kati ya 100 kuponyoka ni wengi, na baada ya yaliyotokea mwaka 1890 na 2011 sitaki kuwa miongoni mwa wanaoshangilia mapema. Katika utafiti huo katriji ilikuwa bado ya watafiti, haijaruhusiwa kutumika kwa mgonjwa wa kawaida. Kwa sasa mtoto asiyetema anaweza kupimwa choo chake kwa GeneXpert, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2020, au kunyonywa maji ya tumboni kwa mpira alfajiri kabla hajala. Na tangu mwaka 2022 shirika hilo limetoa mwongozo unaomruhusu mhudumu kujumlisha dalili, picha ya kifua, na habari za nani anaumwa nyumbani, kisha akaanzisha dawa hata bila kijidudu kuonekana.

Habari za nani anaumwa nyumbani hazihitaji leza wala katriji. Mama yule wa Bunda alizisema kwa sauti, kwenye benchi, kabla hata hajaulizwa. Mashine ya GeneXpert ni ile ile inayopokea makohozi, choo na, siku moja huenda, tone la damu ya kidole. Nilipoondoka pale alikuwa bado anangoja kuitwa, kikopo kikiwa juu ya daftari.